Tairi gani kwa baiskeli ya mlimani msimu huu wa masika? Nimeshaanguka mara tatu

#1 Kipara wa Sakina

Wakuu, heshima kwenu.

Nina baiskeli ya mlimani ya mtumba, saizi 26, fremu ya alumini, breki za mipira inayobana rimu. Niliinunua hapa Arusha mwaka jana mwezi wa tisa, vumbi tupu, na kwa miezi yote ya jua sikuwahi kuilalamikia. Kila Jumamosi natoka Sakina, napanda na lami mpaka Ilboru, halafu naingia njia za udongo katikati ya migomba na kahawa hadi karibu na msitu, nashukia upande mwingine.

Mvua zilipoanza ikawa baiskeli nyingine kabisa. Jumamosi iliyopita tairi ya mbele iliondoka kama sabuni bafuni. Sikushika breki, sikukata kona, nilikuwa napiga stori na mwenzangu tu. Nikajikuta nimelala kwenye mfereji wa kumwagilia, baiskeli juu yangu, na bibi mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani amesimama ananitazama. Akaniambia: "Pole mwanangu, hapa hata sisi tunavua viatu."

Tairi nilizonazo ndizo zilizokuja na baiskeli, 26 x 1.95 kwa inchi. Katikati ni kipara, pembeni kashata, vile vinundu vya raba, zimebaki kama meno ya mzee. Nimezunguka mjini nimeona za aina tatu: kuna 2.35 yenye kashata fupi zilizobanana, kuna 2.1 yenye kashata ndefu zilizoachana, na jamaa mmoja ana 2.4 iliyotumika, nzito kama ya pikipiki. Hela ninayo ya moja nzuri au mbili za kawaida.

Wengine wananiambia tairi pana ndiyo inashika tope, wengine wanasema nyembamba. Nani mkweli?

#2 Binti Ilboru

Hahaha pole kaka. Huo mfereji naujua, nimeshauoga.

Bibi keshakujibu ila hukumsikia. Anavua viatu ili vidole vichimbe chini. Kiatu cha soli laini kinaelea juu ya utelezi, vidole vinapenya. Kashata ndefu zilizoachana ndiyo vidole vyako. Zile fupi zilizobanana zikishajaa udongo mara moja tu, unabaki umepanda duara la tope.

Na kama hela ni ya moja, weka mbele. Nyuma ikiteleza unacheka, mbele ikiteleza unalia.

#3 Fundi Tengeru

Kabla hatujaanza kutaja tairi, mleta mada pindua baiskeli, miguu juu. Angalia pale nyuma ya pedali, yale mabomba mawili ya fremu yanayolikumbatia gurudumu. Chukua penseli ya shule, ile ya kawaida, unene wake ni kama milimita saba. Ipitishe kati ya tairi na bomba, kulia na kushoto. Halafu ipitishe juu, chini ya daraja la breki. Rudia mbele kwenye foku.

Haipiti? Basi mjadala wa pana na nyembamba umekwisha, wewe ni wa nyembamba utake usitake. Watu wananijia dukani na tairi ya 2.4 iliyoingia vizuri kabisa ikiwa kavu, inazunguka, hawana shida. Akishapiga nusu kilomita ya tope, ule udongo uliobebwa na kashata unakwanguliwa na fremu, unajikusanya pale, unakauka kidogo, unakuwa breki ya tatu. Nimeona rangi ya fremu imelika mpaka alumini inang'aa.

Pia soma namba za ubavuni usidanganyike na "26". Kuna 26 x 1.95 na kuna 26 x 1⅜ ya zile baiskeli za kizamani. Hizo mbili hazivaani hata kwa nyundo. Yako yenye nukta ni rimu ya milimita 559, ile yenye sehemu mara nyingi ni 590. Tafuta namba ndogo iliyoandikwa mfano 50-559: ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha pale inapokalia rimu. Hiyo haidanganyi. 27.5 ni 584, na 29 ni 622.

#4 Nyanda wa Mbuga

Ng'wanawane, njooni huku Shinyanga mfundishwe tope.

Sisi tuna udongo wa aina nyingi hata majina tumeupa. Luseni ni mchanga, mvua ikinyesha ndiyo kwanza njia inakuwa nzuri. Mbuga ni ule mweusi wa chini bondeni, wa pamba na mpunga. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mguu, masika unakuwa ulimbo. Mtu anaposema tu "tope" bila kusema la wapi, hajasema kitu.

Mzee wangu ana baiskeli ya mizigo, matairi 28 x 1½, membamba marefu, kashata hamna za maana. Anapita pale ambapo mwanangu na baiskeli yake ya gia anakwama. Tairi jembamba linazama, linakuta pagumu, linasukuma. Pana inapanda juu ya uji na kucheza ngoma.

Na masika madigadi zinang'olewa zote mbili, zinatundikwa ukutani mpaka mwezi wa sita. Bora mgongo uchafuke kuliko gurudumu kugoma kuzunguka.

#5 Baridi Kali

Niko Sheffield, Uingereza, na naendesha mwaka mzima. Huku tope ni la kuanzia Novemba hadi Machi, na Desemba saa kumi jioni kiza kimeshaingia, kwa hiyo unateleza gizani. Nichangie kidogo.

Nyanda yuko sahihi nusu. Nyembamba inafanya kazi kama chini ya uji kuna pagumu karibu. Kama tope ni la kina, la kufika nusu rimu, nyembamba inazama isitoke. Na kama ni utelezi mwembamba juu ya mawe na mizizi, upana haukuokoi wala wembamba, kinachokuokoa ni raba yenyewe.

Ndiyo maana za kutopeni tunazoziona huku haziko sawa. Dirty Dan ya Schwalbe imetengenezwa kwa tope bichi, kashata ndefu chache. Shorty ya Maxxis nayo ina kashata ndefu zilizoachana lakini ukikuta pakavu haikuangushi kama ile. Magic Mary wengi wanaiacha mbele mwaka mzima. Continental walikuwa na Mud King, na kulikuwa na toleo la upana wa 1.8 tu. Kampuni hiyohiyo ya tairi pana za kushukia milima, kwenye tope ikaona 1.8 inatosha.

Ubaya wa kashata ndefu ni lami. Kwenye lami zinapinda, baiskeli inaonekana kama inatembea kwenye sponji, na kona ya kasi unahisi kitu kinanyata chini yako. Mleta mada unasema unaanza na lami. Fikiria hilo.

#6 Mtu wa Gent

Jambo yenu ndugu zangu. Mie ni mtu wa Bukavu lakini naishi Gent, Ubelgiji. Huku wakati wa baridi kuna mashindano ya baiskeli katika matope, watu wanajaa uwanjani kama kwenye mpira, na bia na viazi vya kukaanga. Mwendeshaji anafika mahali pa kupanda, anabeba baiskeli begani, anakimbia nayo.

Sheria ya chama cha dunia cha baiskeli, UCI, inasema tairi isizidi milimita 33. Hiyo ni kama inchi 1.3. Na hao ni akina van der Poel na van Aert, mabingwa wa dunia wa mchezo huo. Upepo wanaweka kidogo sana, psi (kipimo cha upepo) 20 hivi au chini. Kwa hiyo mie niko upande wa Nyanda: nyembamba, upepo kidogo.

#7 Baridi Kali

*Mtu wa Gent alisema: "Sheria... inasema tairi isizidi milimita 33."*

Ndugu, hapo umejijibu. Hawakuchagua nyembamba, wamekatazwa pana. Wangeruhusiwa sijui wangeweka nini. Halafu wale wana fundi amesimama pembeni na baiskeli ya pili safi, wanabadilisha hata kila nusu mzunguko, ile chafu inapigwa maji ya presha. Kipara ana nani pale migombani? Bibi wa ndizi?

#8 Mtu wa Gent

Haha. Sawa, bibi nimemkubali. Lakini upepo kidogo nabaki nao.

#9 Mwana Kitengela

Salamu kutoka Kenya. Mnayoita kashata sisi huku ni meno, lakini tuendelee.

Mimi nitawaambia kuhusu udongo mweusi kwa sababu ninaishi juu yake. Mwaka jana mwezi wa nne nilitoka asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha usiku, jua limetoka, barabara inaonekana imekauka. Nilikuwa na tairi nzuri mpya, meno marefu. Mita mia mbili za kwanza sawa. Halafu nikaona gurudumu linanenepa. Sitanii, linanenepa! Kila mzunguko linaokota tabaka jingine, na majani makavu yanachanganyikana humo kama vile watu wanavyokanda udongo wa kujengea nyumba. Likafika kwenye fremu likasimama kabisa. Gurudumu la mbele halizungushwi hata kwa mikono.

Nikatafuta kijiti, nikachokonoa dakika kumi, nikaenda hatua thelathini, likajaa tena. Nikaibeba begani. Baiskeli ya kilo kumi na nne imekuwa kama ya kilo ishirini na tano, na viatu navyo vimenenepa, natembea kama mtu aliyevaa ndoo. Kilomita mbili zilichukua saa moja na nusu.

Kwa udongo huo hakuna tairi. Hapo unasubiri siku mbili jua liwake au unapita barabara ya kokoto. Kama huko Arusha hamna wa hivyo, mshukuru Mungu, mengine ni maneno tu.

#10 Nyanda wa Mbuga

Huyu ndiye amelijua tope. Kijiti mimi nakifunga kabisa kwenye fremu kwa raba ya tyubu.

#11 Kipara wa Sakina

Wakuu asanteni sana. Nimefanya zoezi la fundi. Penseli inapita vizuri mbele, kulia, kushoto na juu. Nyuma kushoto inapita kwa kusukuma, kulia haipiti, na hiyo ni tairi ya 1.95! Kumbe gurudumu lenyewe limepinda kidogo, nitalipeleka likanyooshwe.

Kuhusu udongo: wetu si ule wa Kitengela. Ni ule wa kahawia wa Meru, mwekundu ukipanda juu. Ukikanyaga, sentimita mbili za juu ni mafuta, chini yake pagumu. Kwenye msitu mizizi ya mikaratusi imetoka nje.

Kingine, nimeangalia upepo. Mimi huwa najaza kwa wale vijana wa bodaboda wenye kompresa. Leo nimeazima geji: 58 mbele, 60 nyuma. Nina kilo 78. Ni nyingi?

#12 Fundi Tengeru

Nyingi? Hiyo si tairi, hilo ni jiwe. Kijana wa kompresa kazoea tairi ya bodaboda iliyobeba watu watatu na gunia.

Kwa kilo zako na tyubu ya kawaida, anza na 28 mbele na 32 nyuma, uone. Ukiibonyeza kwa dole gumba mbele inabidi ikubali kidogo. Tairi iliyolegea kidogo inalala juu ya mzizi, inaukumbatia. Iliyojazwa kama mpira wa miguu inaudunda mzizi na kuondoka. Naamini nusu ya kuanguka kwako ni hizo 58.

Ukishusha sana utaanza kupata pancha ya matundu mawili yamekaa sambamba, kama umeng'atwa na nyoka. Hiyo si mwiba, hiyo ni rimu imeibana tyubu kwenye jiwe. Ukiiona, ongeza mbili tatu. Ubavuni mwa tairi pameandikwa kiwango cha chini na cha juu, soma.

#13 Mchaga Asili

Kwa nini msimshauri aondoe tyubu kabisa, aweke tyubulesi na ile dawa ya maji ya kuziba? Unashusha mpaka 22 bila pancha ya rimu, na miba unasahau.

#14 Fundi Tengeru

Kwa baiskeli mpya sawa. Kwa rimu ya mtumba ya 26 ambayo haikutengenezwa hivyo, utakaa siku nzima na utepe na povu la sabuni, na ikijaa leo kesho iko chini. Dawa yenyewe kwa joto letu inakauka baada ya miezi michache, inabidi uongeze. Aanze na geji ya upepo. Hiyo ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote humu na hakuna aliyekitaja mpaka alipokiazima mwenyewe.

#15 Baridi Kali

Nimalizie la raba, maana najua mtu atamwambia anunue ile laini kabisa kwa kuwa "Ulaya ndiyo wanatumia masika".

Raba inapimwa ugumu kwa namba. Maxxis kwa mfano walikuwa na ile ya 42 kwa laini sana na 60 kwa ya kawaida. Namba ikiwa ndogo ni laini zaidi. Huku Januari kukiwa na nyuzi mbili tatu, raba ya kawaida inakuwa ngumu kama soli ya buti, na mawe ya Peak District, milima ya jirani hapa, yanalowa miezi mitano mfululizo. Laini ina maana. Wewe Arusha hata mwezi wa saba baridi yako si ya kuigandisha raba. Na kwa kilomita zako za lami kila Jumamosi, ile laini kashata za katikati zitaisha kabla mvua za vuli hazijafika. Kwa bei ya Magic Mary moja unapata mbili za bodaboda, usiisage kwenye lami.

Raba ya wastani, kashata ndefu zilizoachana, 2.1 au 2.25 mbele. Hiyo ya pili uliyoiona dukani. Na usisikitike kwamba aina nyingi mpya hazitengenezwi tena kwa 26. Kwa tope lako hukosi kitu.

#16 Mchaga Asili

Halafu tope lisigande, paka mafuta ya kupikia chini ya fremu na ndani ya foku. Nimeona video.

#17 Binti Ilboru

Yanasaidia nusu saa, nimejaribu. Ila breki zake ni za kubana rimu, tone moja likifika kwenye rimu atakutana tena na bibi. Mwenye breki za diski ndiyo asithubutu kabisa.

Mimi nina jingine, mtanisamehe. Zile njia si zetu peke yetu. Ni za watoto wa shule na akina mama wa sokoni. Ukipita siku ya mvua kubwa, tairi linachora mstari, maji yanaufuata ule mstari, kesho yake kuna kakorongo. Mwaka juzi pale juu ya kanisani wazee walitaka kutufungia njia kabisa, na walikuwa na haki. Mimi mvua ikinyesha Ijumaa usiku, Jumamosi napita barabara ya magari tu, ile ya moramu. Njia ndogo naziachia Jumapili mchana.

#18 Kipara wa Sakina

Dada hilo limeniingia. Sikuwahi kulifikiria.

#19 Nyanda wa Mbuga

Kwa hiyo amenunua au bado? Uzi umekuwa mrefu kuliko njia yenyewe.

#20 Kipara wa Sakina

Mrejesho, wiki tatu baadaye.

Nilinunua moja tu, ya mbele. 2.1, kashata zimeachana kiasi cha kupitisha kidole, raba ya kawaida. Muuzaji aliifunga mshale wa mzunguko ulio ubavuni ukielekea nyuma, nikairudisha mwenyewe nyumbani kwa kijiko cha chakula, na kijiko kimepinda, mama anakitafuta mpaka leo. Nyuma nimebaki na 1.95 ileile, gurudumu limenyooshwa, penseli inapita. Upepo 28 na 32.

Jumamosi ya kwanza niliogopa. Nilishuka polepole mpaka pale kwenye mfereji. Nikaona mbele inazama kidogo, inashika, inageuka. Nyuma ikaenda kushoto, nikaipeleka mguu, ikarudi. Kweli nilicheka. Tope lilikuwa linarushwa juu mpaka mdomoni, na hiyo ndiyo dalili nzuri nadhani, maana zamani lilikuwa linabaki kwenye tairi.

Kwenye lami ndiyo kama Baridi Kali alivyosema, inanguruma kama trekta kutoka Sakina hadi juu, na inachosha kuliko ya zamani. Nimeikubali.

Nimeanguka mara moja tu, kwenye mzizi wa mkaratusi uliolala mshazari. Hapo hata sijui ningefanya nini.

#21 Baridi Kali

Mzizi wa mshazari hakuna tairi. Unainua gurudumu la mbele kidogo, unaukata ukiwa umenyooka, na mkono haugusi breki. Jizoeze na fimbo iliyolowa uani.

#22 Kipara wa Sakina

Asante mkuu. Sasa nina tatizo jipya: mipira ya breki. Niliiweka mipya siku moja na tairi. Jumamosi tatu tu, ya mbele imebaki unene wa sarafu, na rimu inalia kama msasa.

#23 Fundi Tengeru

Ni msasa kweli. Udongo wenu umetokana na mlima wa volkano, una chembe ngumu ndani. Kila ukifunga breki unasaga rimu na mpira pamoja. Ukifika kwenye mfereji kabla ya kushuka, simama, mwagia rimu maji, futa mipira kwa kidole. Dakika moja tu. Chomoa pia vile vipande vya alumini vilivyojichomeka kwenye mpira kwa ncha ya kisu, ndivyo vinavyolia. Na usinunue ile migumu ya bei poa, itakula rimu badala ya kuliwa yenyewe.

Siku ukibadilisha foku ya mbele uweke diski, njoo tuongee.

#24 Nyanda wa Mbuga

Tairi ya zamani ya mbele uliitupa? Na tyubu yake? Tyubu ukikata mistari unapata kamba ya kufungia mzigo inayokaa miaka.

#25 Kipara wa Sakina

Tyubu bado ninaitumia mkuu. Tairi imechukuliwa na watoto wa jirani, wanaisukuma kwa fimbo tangu asubuhi. Kipara chake kwenye tope kinaenda vizuri kabisa, sijui wanafanyaje.